Kicheko cha Kashasha: Somo ambalo shule hazijalisoma

SIKU 52 baada ya Tanganyika kupata uhuru, yaani Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha, takribani kilomita 40 kutoka mji wa Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kunyamaza.

Hali hiyo haikuishia kwao. Hadi Machi 18 mwaka huo, siku ambayo uongozi ulilazimika kuifunga shule, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa nayo. Wote walikuwa wasichana wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18. Walimu watano wa shule hiyo, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakuguswa hata mmoja.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu wakati huo. Kisa cha Kashasha kimeizunguka dunia, kimeingia katika vitabu vya saikolojia na vipindi vya redio, na mara nyingi husimuliwa kama kioja kutoka Afrika: kijiji kilichocheka mwaka mzima bila kujua kinachomchekesha.

Hata hivyo, madaktari waliowapima wasichana hao waliandika jambo tofauti kabisa na kioja hicho. Swali la kujiuliza ni je, pengo lililopo kati ya kilichoandikwa na kinachosimuliwa linamgharimu nini mwanafunzi wa leo ambaye anaanguka, anapiga mayowe au anapotewa na sauti akiwa darasani?

Waliyoyaona madaktari

Taarifa ya kitaalamu ya tukio hilo iliandikwa na madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, na kuchapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati lililojulikana kama Central African Journal of Medicine. Ni makala fupi ya kurasa chache tu, lakini ndiyo chanzo cha karibu kila kinachojulikana kuhusu mkasa huo.

Kwa mujibu wa taarifa hiyo, mgonjwa alianza ghafla. Alicheka na kulia kwa vipindi vya dakika chache hadi saa kadhaa, akatulia, kisha hali ikamrudia. Aliyezuiwa kwa nguvu aliweza kuwa mkali na kupigana. Wapo waliosema wanahisi vitu vinazunguka kichwani, na wapo waliokuwa na hofu kwamba kuna mtu anawafukuza.

Hali hiyo ilidumu kwa saa chache kwa baadhi ya wagonjwa, na kwa wengine iliendelea hadi siku 16. Hakuna aliyefariki dunia. Aidha, hakuna aliyecheka mwezi mzima mfululizo, wala mwaka mzima, kama simulizi za baadaye zilivyodai.

Baada ya shule kufungwa, wasichana walirejea makwao, na hapo ndipo ugonjwa ulipopata njia. Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, ilipata wagonjwa 217 katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao wakiwa watoto wa shule na vijana wa jinsi zote mbili.

Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena Mei 21. Wanafunzi wengine 57 wakaugua, na mwishoni mwa Juni ikafungwa kwa mara ya pili.

Mwezi huohuo wa Juni, ugonjwa ulifika katika shule ya kati ya wasichana pembezoni mwa mji wa Bukoba, mahali ambapo madaktari hao walipaandika kwa jina la Ramashenye, na ambapo wakazi wa Bukoba watapatambua haraka kuwa ni Rwamishenye. Wasichana 48 waliugua kati ya 154, na shule hiyo nayo ikafungwa. Mmoja wao alirudi kijijini kwao, Kanyangereka kwa maandishi ya taarifa hiyo, na ndugu zake wa karibu wakafuata. Shule mbili za wavulana za eneo hilo zilifungwa.

Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa Kihaya endwara yokusheka, maana yake ugonjwa wa kucheka. Wengine waliuita akajanja, yaani wazimu. Hofu ilitanda vijijini. Wapo walioamini kwamba hewa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki, ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiyafanyia majaribio katika miaka hiyo.

Rankin na Philip hawakuanza kwa kusema kwamba wasichana wanajifanya. Walitafuta sababu ya kimwili. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza macho, neva na mwitiko wa misuli, na wakafikiria uwezekano wa virusi na wa sumu katika chakula.

Walikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Miaka mitano tu kabla ya hapo, mwaka 1957, dunia ya utabibu ilikuwa imesoma kwa mara ya kwanza taarifa za kuru, ugonjwa wa ubongo huko Papua New Guinea ambao uliua watu na ambao magazeti yaliubandika jina la ugonjwa wa kucheka. Tena, ipo aina ya kifafa ambayo dalili yake ni kicheko kisicho na furaha. Kicheko, kwa hiyo, kinaweza kuwa ishara ya ubongo ulioharibika.

Vipimo vya Bukoba havikuonyesha uharibifu wowote. Ndipo madaktari hao walipofikia hitimisho kwamba waliokuwa mbele yao ni histeria ya kundi katika jamii iliyokuwa katika hali ya kuipokea.

Sauti bila kidonda

Ili kuelewa uzito wa hitimisho hilo, inafaa kutazama jinsi sauti ya binadamu inavyofanya kazi, kwani kicheko ni kazi ya koo na pumzi kabla ya kuwa jambo la furaha.

Mtu anapocheka, misuli ya tumbo pamoja na misuli ya mbavu husukuma hewa nje kwa mikupuo mifupi. Hewa hiyo hupita katika zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, ambako nyuzi mbili za sauti hufunga na kufunguka. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyepima vicheko kwa vyombo, alionyesha kwamba kila mlio mmoja wa kicheko huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwamba milio hufuatana kama mara tano kwa sekunde.

Ni kazi nzito kwa mwili. Pumzi huisha, misuli ya tumbo huuma na koo hukauka. Hiyo ndiyo sababu hadithi ya watu kucheka mchana na usiku kwa miezi haiwezi kuwa ya kweli, na ndiyo sababu pia vipindi vya saa kadhaa vilivyoandikwa na madaktari vilikuwa mateso kwa watoto waliovipitia.

Jambo jingine ambalo sayansi ya sauti imelifahamu kwa muda mrefu ni kwamba sauti inaweza kuharibika huku ala zake zote zikiwa nzima. Mwaka 1854, mwalimu wa uimbaji aliyeitwa Manuel García alitumia vioo kutazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi, na mwaka uliofuata akawasilisha matokeo yake mbele ya wanasayansi wa London. Tangu hapo madaktari wakapata njia ya kutazama koo la mtu aliye hai.

Walipotazama, walikuta vidonda, uvimbe na kansa. Lakini walikuta pia wagonjwa wasioweza kutoa sauti, wanaozungumza kwa mnong'ono tu, ambao nyuzi zao hazina kasoro yoyote. Hali hiyo huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi hufuata msiba, ugomvi, hofu au mzigo wa mambo ambao mgonjwa hakuwa na nafasi ya kuueleza.

Njia ambayo wataalamu wa masikio, pua na koo huitumia kuitambua hali hiyo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Baada ya kulitazama koo, humwomba mgonjwa akohoe, au humfanya acheke. Ikiwa kikohozi au kicheko kinatoka na sauti kamili, maana yake ni kwamba nyuzi zinaweza kufunga; kilichokatika ni njia kati ya nia ya kusema na koo lenyewe.

Mgonjwa wa namna hiyo hajifanyi. Akili yake imeuzuia mwili bila yeye kutaka, na akipata mtaalamu wa tiba ya usemi anayejua kazi yake, mara nyingi sauti hurudi baada ya vikao vichache. Akipata kejeli, hukaa kimya miezi au miaka.

Kashasha iliona kinyume chake. Wasichana walitoa sauti ambayo hawakuweza kuizuia. Lakini kanuni ni ileile, kwamba kipimo kisichoonyesha kidonda hakimaanishi kwamba hakuna ugonjwa.

Kwa nini shule, kwa nini wasichana

Kashasha haikuwa peke yake. Mwaka 1964 daktari B. H. Kagwa aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu tatizo la histeria ya kundi katika ukanda huu, akiunganisha kicheko cha Bukoba na matukio ya watu kukimbia ovyo yaliyotokea Uganda, katika maeneo ya Kigezi na Mbale. Mwaka 1973 jarida hilohilo lilichapisha taarifa ya daktari J. R. Muhangi juu ya shule moja ya Ankole, eneo linalopakana na Kagera kwa upande wa kaskazini.

Kati ya maandishi hayo, yapo ya daktari wa watoto G. J. Ebrahim, ambaye mwaka 1968 alichambua matukio matatu ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto hao walikuwa wamebanwa kati ya nyumba mbili. Nyumbani walilelewa katika mila zisizohojiwa. Shuleni walifundishwa fikra zilizozihoji mila hizo. Hawakuwa na mtu wa kumweleza mgongano huo.

Hoja hiyo inaweza kujadiliwa, lakini inaeleza mengi kuhusu Buhaya ya mwaka 1962. Msichana aliyepelekwa bweni wakati ule alikuwa amebeba matarajio ya ukoo mzima, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru wiki saba tu zilizopita. Alilala mbali na mama yake, chini ya kengele, kanuni na adhabu. Nafasi ya kulalamika haikuwapo.

Watafiti wa baadaye wameongeza jambo. Mwaka 1987 daktari wa Uingereza, Simon Wessely, aliyagawa matukio ya namna hii katika mafungu mawili. Lipo la hofu ya ghafla, ambalo huja na kuzimia na kuondoka siku hiyohiyo au siku chache baadaye. Lipo pia la mwili kutenda bila kutawaliwa, kama kutetemeka, kukimbia au kucheka, ambalo huota taratibu mahali penye shinikizo la muda mrefu na huchukua wiki au miezi kumalizika. Kashasha ni ya fungu la pili.

Mwaka 2007 mtaalamu wa isimu na utafiti wa vicheko, Christian Hempelmann, alirudi kwenye taarifa ya Rankin na Philip na kuonyesha jinsi ilivyopotoshwa. Alieleza kwamba kicheko kilikuwa dalili moja kati ya nyingi, pamoja na kilio, maumivu na wasiwasi, na kwamba hakikuwa na uhusiano wowote na ucheshi. Simulizi, kwa maneno mengine, lilichukua dalili moja iliyovutia masikio na kuwaacha watoto wenyewe nyuma.

Hesabu zinazotajwa sana, za watu wapatao 1,000 na shule 14 zilizofungwa, zinaonyesha ukubwa wa tukio. Hazionyeshi ni wasichana wangapi walirudi darasani baada ya hapo.

Fimbo, maombi na gari la polisi

Matukio ya jamii hiyo hayakwisha na miaka ya sitini. Septemba 2008, wasichana wapatao 20 walipoteza fahamu mjini Tabora wakati wakifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, huku wengine wakilia, kupiga mayowe na kukimbia huku na huko. Kwa wasomaji wa magazeti nchini, habari za wanafunzi kuanguka shuleni si ngeni.

Jina linalotolewa mara nyingi ni mapepo. Kwa jina hilo, hatua zinazofuata nazo zinajulikana. Wapo wanaoita viongozi wa dini, wapo wanaomtafuta mchawi kijijini, wapo wanaoamini kwamba fimbo itaondoa uvivu, na wapo wanaofunga shule na kuwatawanya wanafunzi bila mpango.

Kila moja ya hatua hizo ina gharama. Kumtafuta mchawi ni kumweka mtu asiye na hatia katika hatari ya kuuawa, jambo ambalo mikoa ya Kanda ya Ziwa inalifahamu kwa uchungu. Fimbo humwongezea hofu mtoto ambaye hofu ndiyo iliyomwangusha. Umati wa wazazi, sala za kelele getini na gari la polisi uwanjani huwathibitishia waliobaki wazima kwamba lipo jambo la kutisha, nao hufuata.

Kashasha ilionyesha pia hatari ya kuwatawanya wanafunzi. Shule ilipofungwa, ugonjwa ulisafiri hadi Nshamba ukiwa umebebwa na watoto waliorudi nyumbani bila mtu wa afya wa kuwapokea.

Hii haina maana kwamba jina la histeria litolewe haraka. Hapo ndipo penye mtego mwingine, na majirani wa Kenya waliuona mwaka 2023 katika kaunti moja ya Kakamega.

Mwanzoni mwa mwaka huo, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Mukumu walianza kuugua. Mamia walitibiwa, shule ikafungwa mwezi Aprili, na wanafunzi kadhaa pamoja na mwalimu mmoja wakapoteza maisha. Uchunguzi uliitaja bakteria ya E. koli na ile ya salmonela inayoleta homa ya matumbo. Ulikuwa ugonjwa wa chakula na maji machafu.

Miezi michache baadaye, Oktoba, zaidi ya wasichana 60 wa shule ya Eregi katika kaunti hiyohiyo walishindwa kutembea vizuri, miguu ikiwatetemeka. Safari hii wapo maofisa wa afya waliotaja histeria. Wazazi ambao kumbukumbu ya Mukumu ilikuwa bado mbichi hawakuwa tayari kusikia neno hilo, na hawawezi kulaumiwa.

Shule hizo mbili zinatoa fundisho moja. Anayesema mapepo kabla ya kipimo, na anayesema histeria kabla ya kipimo, wote wawili wanamwacha mgonjwa bila tiba. Malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kifafa na sumu ya chakula vyote vinaweza kuanza kwa mtoto kubadilika tabia ghafla.

Kagera na magonjwa yasiyo na jina

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kulielewa somo hili mapema kuliko mikoa mingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983, wakati ambapo watu waliuita ugonjwa huo Juliana na wengi waliuhusisha na kurogwa. Kwa miaka kadhaa jina lililokosewa lilitangulia, na vifo vikafuata.

Miaka 40 baadaye mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Machi 2023, taarifa zilitoka za watu kufariki kwa ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba. Sampuli zilichukuliwa, na Machi 21 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni virusi vya Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Wagonjwa walikuwa tisa na waliofariki sita. Juni 2 mlipuko huo ulitangazwa kumalizika.

Jina la kata ya Kanyangereko linatofautiana kwa herufi moja tu na jina la kijiji kilichoandikwa na Rankin na Philip. Katika ardhi hiyohiyo ya Bukoba, mara ya kwanza maabara ilitafuta kirusi na haikukipata. Mara ya pili ilikitafuta na ikakipata. Katika safari zote mbili, kilichowaongoza wataalamu kilikuwa kipimo.

Muleba nayo, ambamo leo zimo Kashasha na Nshamba, si mgeni wa utafiti wa kitabibu. Ni katika wilaya hiyo ambapo vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuwashinda mbu sugu vilijaribiwa kuanzia mwaka 2014, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, yakachangia kubadilisha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wilaya iliyoweza kuifundisha dunia kuhusu chandarua inaweza pia kuifundisha kuhusu afya ya mwanafunzi.

Kinachowezekana

Wachunguzi wa masuala ya afya ya shule wanakubaliana juu ya hatua za msingi, na hakuna hata moja inayohitaji mitambo ya gharama.

Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa kwanza anayeugua achunguzwe na mhudumu wa afya, siku hiyohiyo, kwa malaria, homa na sumu, na chakula na maji ya shule yachukuliwe sampuli. Muleba ina hospitali kongwe za Ndolage na Rubya, na Bukoba ina hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ya pili ni kumtenga mgonjwa kwa upole katika chumba tulivu, mbali na macho ya wenzake, bila umati. Dalili hizi hupita kwa macho na masikio. Anayeona na kusikia ndiye anayefuata.

Ya tatu ni kusema ukweli vipimo vikirudi safi. Mzazi aelezwe kwamba mtoto wake si mwongo wala hana pepo, kwamba ubongo wenye mzigo unaweza kuutikisa mwili, na kwamba hali hii hupona. Neno hilo likitoka kwa daktari kwa lugha ya heshima lina nguvu kuliko sindano.

Ya nne, na ndiyo inayosahauliwa daima, ni kuuliza kilichotangulia. Je, kuna adhabu zinazozidi mipaka? Je, kuna mtu mzima anayewanyanyasa wasichana? Je, kuna njaa, mtihani wa kutisha, msiba ambao haukuzungumzwa? Uchunguzi unaoishia kwenye damu na mkojo, bila kuingia bwenini kuzungumza na watoto, ni nusu ya uchunguzi.

Hapa ndipo upungufu ulipo. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam, na wataalamu wa tiba ya usemi ni adimu zaidi. Msichana wa Nshamba aliyepotewa na sauti kwa mwezi mzima ana safari ndefu, mara nyingine ya kulivuka ziwa, kabla ya kupata mtu wa kulitazama koo lake na kumwambia kwamba ni zima.

Safari hiyo hailazimiki kwa kila mmoja. Mganga wa kituo cha afya akifundishwa kuuliza maswali sahihi, kusikiliza kikohozi, na kumpeleka rufaa mwenye sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne, wengi watasaidiwa karibu na kwao. Mwalimu wa malezi, ambaye shule nyingi zinaye kwa jina, akipewa muda na mafunzo, atayaona mengi kabla hayajalipuka.

Wasichana wa Kashasha waliobaki hai ni bibi wenye umri unaokaribia au kuzidi miaka 75. Kwa muda wote huo dunia imekuwa ikiuliza walicheka nini. Madaktari wawili waliokuwa Bukoba waliuliza walikuwa wanaumwa nini, wakapima, wakaandika walichokiona na wakakiri kwamba hapakuwa na kidonda.

Swali ambalo halikuulizwa kikamilifu, na ambalo Wizara ya Afya na ile ya Elimu zinaweza kulifanya kuwa utaratibu katika kila shule ya bweni, ni la tatu: wasichana hao walikuwa wanataka kusema nini, na kwa nini hapakuwa na mtu wa kumwambia.